Tunda lililokataliwa sokoni lina kazi jikoni: tengeneza sosi ya saladi nyumbani

Kila anayeuza matunda kuvuka mpaka anaijua hesabu ya jioni. Tenga lilitoka shambani limejaa, likafika sokoni limejaa, lakini si yote yaliyomo yamegeuka kuwa pesa. Pasheni zimekunjamana ganda. Embe limelainika upande uliolaliwa na mengine. Nanasi lililokuwa la kijani juzi sasa linanukia mpaka barabarani. Mnunuzi anayageuza, anayarudisha, anachagua mengine. Yaliyobaki huuzwa kwa bei ya kutupa, hugawiwa majirani au huishia jalalani.

Tunda halina subira. Kwenye foleni ya malori Busia, chini ya jua la Mutukula, au ndani ya beseni linalobebwa kichwani kutoka Rubavu kwenda Goma, linaendelea kuiva hata kama karatasi hazijagongwa muhuri. Waliokuwa wakitumia mpaka wa Gatuna, ambao upande wa Uganda huitwa Katuna, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mpaka huo ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Mwenye saruji aliweza kuihifadhi ghalani akisubiri habari njema. Mwenye matunda hakuwa na ghala la kumwokoa.

Makala hii haina dawa ya foleni wala ya siasa za mipaka. Inahusu yale matunda machache yanayorudi nyumbani kila jioni. Sokoni tunda hupimwa kwa sura, lakini jikoni hupimwa kwa ladha, na mara nyingi tunda hupoteza sura siku zile zile ladha yake inapofikia kilele. Njia moja rahisi ya kuiokoa ladha hiyo ni kutengeneza sosi ya saladi: ile ya majimaji inayomwagiwa juu ya kabichi, karoti, nyanya, parachichi au majani mabichi. Ya pasheni haihitaji jiko wala mtambo, na huchukua kama dakika kumi.

Chambua kwanza

Kabla ya kushika kisu, gawa matunda yako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kuuza kesho. Haya ni magumu kiasi, yana ngozi safi na hayana jeraha.

Fungu la pili ni la jikoni. Hapa weka yaliyoiva mno kwa safari nyingine, yaliyochubuliwa na tenga, na yaliyopondeka leo hii upande mmoja. Weka pia pasheni zilizokunjamana. Tunda hili lina majina mengi katika eneo letu: baadhi ya Wakenya huliita karakara, Watanzania pasheni, Waganda katunda, na kule Rwanda, Burundi na Kongo ni marakuja. Popote linapouzwa, mnunuzi hupenda ganda nyororo linalong'aa. Lakini pasheni ya zambarau inaponyauka, ganda ndilo linalopoteza maji kwanza. Ndani, rojo huwa limeiva na ukali wake umepungua. Ipime kwa mkono. Ikiwa nzito, bado ina rojo la kutosha. Ikiwa nyepesi kama kibuyu kitupu, imekauka, iache.

Fungu la tatu ni la kutupa, na hapa usijihurumie. Tunda lenye ukungu, linalonuka kama pombe, linalotoa povu au lenye funza si la jikoni. Usidanganyike kwamba ukikata sehemu yenye ukungu umemaliza kazi. Kwenye tunda laini ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona. Tumbo la mtoto likiharibika, gharama ya dawa itazidi thamani ya tenga zima.

Siri ya sosi: ukali, mafuta, utamu na chumvi

Sosi ya saladi iliyozoeleka Ulaya hutengenezwa kwa siki na mafuta, na kipimo chao cha kawaida ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki. Sisi tumezoea njia fupi zaidi: kachumbari hukamuliwa ndimu na kutiwa chumvi, basi. Sosi ya matunda iko katikati ya hayo mawili. Maji ya tunda hushika nafasi ya siki, na kwa kuwa ukali wake si mkali kama wa siki, mafuta hupungua. Kwa pasheni, kipimo cha kuanzia ni sawa kwa sawa: kijiko kimoja cha maji ya tunda kwa kijiko kimoja cha mafuta.

Kila sosi hubebwa na vitu vinne. Ukali huamsha mboga. Mafuta huufanya ukali ushikamane na jani badala ya kuteleza hadi chini ya bakuli. Utamu kidogo, wa asali au sukari, hutuliza ukali. Chumvi huviunganisha vyote. Ukishaelewa hivyo huhitaji tena kufuata karatasi. Ukionja na kuona ni kali mno, ongeza asali au mafuta. Ikiwa nzito na inachosha ulimi, ongeza ndimu. Ikiwa imepooza, mara nyingi kinachokosekana ni chumvi.

Onja kwa kuchovya jani la kabichi au kipande cha karoti, usionje kwa kijiko. Sosi pekee lazima iwe kali na yenye chumvi kupita kiasi kidogo, kwa sababu mboga itaipunguza nguvu.

Ya pasheni: anza na hii

Chukua pasheni 8 za zambarau zilizonyauka lakini bado nzito. Zioshe kabla ya kuzikata, maana kisu huingiza uchafu wa ganda ndani ya rojo. Kata kila moja katikati, kwangua rojo kwa kijiko. Utapata takriban nusu kikombe pamoja na mbegu. Weka rojo kwenye chujio na ulikoroge kwa mgongo wa kijiko mpaka maji yote yashuke. Rudisha kijiko kimoja cha mbegu ndani ya maji hayo kwa ajili ya sura, kama unazipenda.

Ukitumia blenda, izungushe sekunde chache tu kisha chuja. Mbegu zikisagika, sosi hupata uchungu na punje zinazokwaruza meno.

Kwenye chupa safi ya mdomo mpana yenye kifuniko, weka:

Maji ya pasheni, vijiko vya chakula 5.
Mafuta ya alizeti, vijiko vya chakula 5.
Asali, kijiko cha chakula 1.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Tangawizi mbichi iliyokunwa, kijiko cha chai 1.
Pilipili manga kidogo.

Funga kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika nzima. Mafuta na maji ya tunda havipatani kwa hiari. Kutikisa huyavunja mafuta kuwa matone madogo, na asali husaidia matone hayo yasirudiane upesi. Kijiko kimoja cha chai cha haradali hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, ukiwa nayo. Sosi ikijitenga baadaye haijaharibika, itikise tena.

Kiasi hiki kinatosha sinia la kabichi na karoti la watu 5 au 6. Inakwenda vizuri pia na parachichi, na pembeni ya mishikaki au samaki wa kuchoma.

Pasheni za manjano, zinazostawi zaidi maeneo ya joto, ni kali kuliko za zambarau. Kwa hizo ongeza kijiko kingine cha asali.

Ya embe: usiisahau ndimu

Embe lililoiva sana, liwe dodo, ngowe au boribo, lina utamu mwingi na ukali mdogo. Peke yake hutoa kitu kinachofanana na juisi iliyotiwa chumvi. Ndimu ndiyo inayoligeuza kuwa sosi.

Menya embe moja kubwa, kata nyama yake upate kama kikombe kimoja. Saga pamoja na maji ya ndimu vijiko vya chakula 3, mafuta vijiko 3, chumvi nusu kijiko cha chai, kipande cha tangawizi na pilipili mbichi moja ndogo iliyotolewa mbegu. Ongeza maji safi ya kunywa kidogo kidogo mpaka sosi imwagike kutoka kwenye kijiko bila kuwa nyepesi kama chai. Kama embe ni la nyuzi nyingi, chuja. Asiye na blenda alisage kwa uma au kwenye kinu, kisha apitishe kwenye chujio.

Anayependa sosi nyeupe nzito mfano wa mayonezi aweke mtindi mzito vijiko 4 badala ya mafuta. Kabichi iliyokatwa nyembamba ikichanganywa na sosi hii hushiba ladha baada ya robo saa.

Ya nanasi: chemsha kwanza

Nanasi lililoiva hadi kunukia lina sukari na ukali vya kutosha, lakini lina jambo moja la kuangalia. Nanasi bichi, yaani ambalo halijapikwa, lina kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachowasha ulimi unapokula vipande vingi, na ndicho kinachofanya mtindi uliochanganywa na nanasi kuwa mchungu ukikaa. Dawa yake ni moto. Chemsha kikombe kimoja cha vipande vya nanasi na maji kidogo kwa dakika 5, acha vipoe, kisha saga pamoja na ndimu kijiko 1, mafuta vijiko 3, chumvi na pilipili. Sasa unaweza kuongeza mtindi bila wasiwasi.

Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu kama unayo. Matunda makali hushambulia alumini na kuchukua ladha yake. Kwa sababu hiyo hiyo usilaze sosi yoyote ya matunda kwenye sufuria ya alumini, ihamishie kwenye chupa ya kioo.

Ya ukwaju: kwa msimu usio na matunda

Ukwaju ni rafiki wa mfanyabiashara kwa kuwa ukikaushwa hauogopi foleni. Hustawi sehemu kavu, kuanzia Ukambani hadi Karamoja, na hubebeka kwenye gunia. Loweka konzi moja ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, fikicha kwa vidole, chuja. Ongeza asali au sukari vijiko 2, mafuta vijiko 2, chumvi, na binzari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, robo kijiko cha chai. Sosi hii ni nyeusi na haina sura ya kuvutia, lakini jaribu kuimwagia juu ya maharage ya kuchemsha yaliyochanganywa na kitunguu na nyanya.

Wale wanaoshughulika na tunda linaloitwa ibinyomoro Rwanda na Burundi, na matunda damu Kenya, wanaweza kulitumia kama pasheni. Lichovye kwenye maji yanayochemka dakika moja ili ngozi yake chungu itoke kirahisi, kisha saga na uchuje. Jihadhari na nguo, doa lake halitoki upesi.

Itakaa siku ngapi?

Nyumba yenye jokofu inaweza kuweka sosi ya pasheni, nanasi au ukwaju kwa siku 3 hadi 5. Ya embe yenye mtindi imalizwe ndani ya siku 2. Nyumba isiyo na jokofu itengeneze ya leo tu.

Usiweke kitunguu saumu kibichi ndani ya sosi utakayoihifadhi nje ya jokofu. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta, mahali pasipo hewa na penye joto, hutoa nafasi kwa bakteria wa sumu kali isiyojulikana kwa harufu wala kwa ladha. Ukikitaka, kitie kwenye sosi ya kula papo hapo.

Papai na tikiti maji vina ukali mdogo sana. Ukivitumia, weka ndimu kwa wingi na umalize siku hiyo hiyo. Mbegu za papai usizitupe zote: chache zikisagwa ndani ya sosi hutoa ukali unaofanana na wa pilipili manga.

Na sosi nzuri haiwezi kusafisha mboga chafu. Osha majani na kabichi kwa maji salama, hasa pale palipo na tishio la kipindupindu, na ukate baada ya kuosha. Mwagia sosi dakika chache kabla ya kula. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, na saladi iliyokaa na sosi tangu asubuhi hufika mchana ikiogelea.

Je, ninaweza kuiuza?

Swali hili mfanyabiashara hawezi kuacha kuliuliza, na jibu lake linahitaji uangalifu. Mama anayechoma mishikaki na kutengeneza sosi ya siku hiyo kwa ajili ya saladi yake anafanya biashara ya chakula, na anafuata masharti ya afya ya eneo lake. Anayejaza chupa, akabandika karatasi na kuvuka nazo mpaka ameingia biashara nyingine kabisa.

Wengi huchanganya mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, humwondolea mfanyabiashara mdogo ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinathibitisha bidhaa imetoka wapi. Hakithibitishi kwamba ni salama kuliwa. Matunda mabichi bado yanaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea, na chakula kilichosindikwa kinahitaji alama ya ubora.

Alama hiyo hutolewa na shirika la viwango la nchi bidhaa ilikotengenezwa: KEBS nchini Kenya, TBS Tanzania, UNBS Uganda, RSB Rwanda, BBN Burundi. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka alama iliyotolewa na nchi mwanachama itambuliwe na wenzake. Kwa hiyo anayepata alama nyumbani kwake amejifungulia zaidi ya mlango mmoja. Asiye nayo atazuiwa chupa zake, na mzigo wote unaweza kuteketezwa mbele ya macho yake.

Anayeota chupa aanze na matunda makali. Pasheni, ukwaju na ndimu zina asidi nyingi inayozuia bakteria wengi hatari, ndiyo maana ni rahisi kuzisindika kwa usalama kuliko papai au embe tamu. Apeleke sampuli kupimwa kabla ya kununua chupa mia. Na jambo moja halina mjadala: sosi ya kuuzwa haitengenezwi kwa fungu la tatu. Tunda ambalo usingempa mwanao usimpe mteja likiwa limefichwa ndani ya chupa.

Andika

Kwa wiki mbili zijazo, kila jioni hesabu matunda ya fungu la pili na la tatu na uyaandike kwenye daftari: aina, idadi, na yalitoka kwa nani. Andika pia ulichokuwa ukinunua dukani kwa ajili ya saladi ya nyumbani, kama ni siki au mayonezi, na bei yake. Mwisho wa wiki mbili utajua mambo mawili. Kwanza, sosi ya nyumbani imekuokolea kiasi gani. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ni mkulima gani anakuletea matunda yaliyokwisha kuiva, na ni njia gani inayoyaponda. Ikiwa fungu la tatu linakua kila wiki, shida iko kwenye ununuzi au ufungashaji, na hakuna sosi itakayoitibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na matunda hupotea haraka kuliko mali nyingine zote.